Redio za usiku na wanamgambo wa Marekani

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu wanamgambo wa Marekani, yale makundi ya raia wenye silaha wasioiamini serikali, iliruka jambo moja: redio. Mimi ni dereva wa lori huku, na usiku barabarani redio ndiyo mwenzangu. Mtangazaji mmoja huwahimiza watu waweke risasi na chakula cha makopo, eti serikali inakuja kuwanyang'anya bunduki. Halafu linafuata tangazo la chakula hicho hicho cha makopo!

Si mapya hayo. Baada ya makabiliano ya maafisa wa serikali na raia wenye silaha, Ruby Ridge 1992 na Waco 1993, ambako watu waliuawa, mwanamgambo Mark Koernke wa Michigan alihubiri mambo kama hayo kwa masafa mafupi, kupitia kituo cha WWCR cha Nashville. Masafa mafupi, yale yale ambayo baba yangu alisikilizia BBC. Aprili 19, 1995 bomu la Timothy McVeigh, mtu aliyekuwa na hasira na serikali kwa ajili ya Waco, lililipua jengo la serikali na kuua watu 168 Oklahoma City, watoto 19 wakiwemo, na baadaye kituo kikasimamisha kipindi cha Koernke. Sisemi redio ndiyo iliyolipua jengo.

Kujiandaa kwa dharura ni busara. Mimi mwenyewe nina maji, blanketi na tochi nyuma ya kiti. Ila mtangazaji wangu wa usiku sijamsikia hata siku moja akitaja tochi.

Dereva wa lori,
Ohio, Marekani