Barua kwa Mwanangu Kuhusu Matundu ya USB

Moshi, Jumapili jioni

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi hatujambo, na baba yako anakusalimu. Tangu uliponieleza jana kwamba kompyuta mpakato yako haisomi flashi, na kwamba fundi wa huko Arusha ameshasema bodi kuu, ile sahani ya ndani inayounganisha sehemu zote za kompyuta, imekufa, sijatulia, kwa maana taarifa yako ya mafunzo imo humo. Nakusihi usimruhusu mtu aifungue wala kuichoma kwa hewa ya moto kabla hujajua ugonjwa upo wapi. Kinachoitwa tundu bovu huweza kuwa flashi yenyewe, vumbi, upungufu wa umeme au programu, na kila kimoja kina dawa yake.

Leo hii jitumie taarifa hiyo kwa barua pepe, kisha ndipo uanze uchunguzi. Jaribu flashi yako kwenye kompyuta ya mwenzako, halafu chomeka mausi katika kila tundu la kompyuta yako, moja baada ya jingine. Ndani ya tundu la USB 2.0 mna vidole vinne vya shaba: viwili vya pembeni hupitisha umeme wa volti 5, na viwili vya katikati hupitisha data. Kwa hiyo mausi ikiwaka taa chini yake lakini mshale hausogei, umeme unafika ila mazungumzo hayafiki. Isipowaka usihukumu upesi, kwa kuwa mausi nyingine huwaka baada tu ya kutambuliwa na kompyuta.

Sasa nisikilize vizuri kuhusu vumbi, maana hapa dukani ndilo linalonisumbua kila kiangazi. Zima kompyuta kabisa, chomoa chaja, toa betri ikiwa inatoka, kisha mulika ndani ya tundu kwa tochi ya simu. Utaona kilimi cha plastiki, na vidole vimelala juu yake. Mwaka jana nilimulika tundu la kompyuta yetu ya kuchapishia nikakuta udongo mwekundu umeshindiliwa nyuma ya kilimi, kwa sababu kila flashi ya mteja ilikuwa ikiusukuma ndani zaidi. Niliutoa taratibu kwa kijiti cha meno cha mbao na brashi laini, na tundu lile linafanya kazi hadi leo. Usitumie pini wala sindano, wala usipulize kwa mdomo, kwa maana pumzi ina unyevu. Ukiona vidole vimepinda hata vikagusana, au kilimi kimevunjika, usichomeke kitu tena hapo.

Kama ndani ni safi, acha betri na chaja vikiwa vimetolewa, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30 ili umeme uliobaki uishe, kisha virudishe na uwashe upya. Tiba hii ni nyepesi, nayo mara nyingine hutosha.

Ikikataa, fungua Device Manager, yaani orodha ya vifaa vya kompyuta iliyo ndani ya Windows, tafuta kundi la vifaa vya USB, uondoe vidhibiti vyake kimoja kimoja, kisha uwashe kompyuta upya ili ivisajili yenyewe. Mausi ya nje itazimika katikati ya kazi hiyo, basi tumia kipapasio kilicho chini ya kibodi.

Ama diski ya nje uliyoazima, hiyo ni suala jingine. Tundu la USB 2.0, toleo la mwaka 2000, limewekewa kikomo cha miliampea 500, ilhali la USB 3.0, ambalo mara nyingi huwa na plastiki ya buluu, hufikia 900. Matundu yako ni meusi na kompyuta ni ya zamani, hivyo diski ikitoa mlio wa tik-tik bila kuonekana, yaelekea inakosa umeme, nayo itahitaji kigawanyio cha USB chenye chaja yake.

Jambo la mwisho, angalia kama matundu yaliyokufa yako upande mmoja. Katika kompyuta nyingi matundu ya upande mmoja hukaa kwenye bodi ndogo ya pembeni, iliyoungwa na bodi kuu kwa utepe mwembamba wa waya. Yakizimika yote mawili kwa pamoja huku ya upande wa pili yakifanya kazi, mwambie fundi aukague utepe huo kwanza. Mimi niliwahi kulipa shilingi 40,000 kubadilishiwa tundu ambalo halikuwa na kosa, kumbe utepe ndio uliolegea, na fedha ile iliniuma kwa sababu ilikuwa ya karatasi za mwezi mzima.

Kesho asubuhi nitampa kondakta wa basi brashi na kigawanyio changu, kapokee stendi. Ukishajaribu, niandikie ni tundu lipi na la upande gani.

Mama yako akupendaye.