"Zile za siku tatu": amoksilini na azithromaisini dirishani kwetu

Baridi ya Juni na Julai ikiishika Mbeya, famasini kwetu Mwanjelwa ombi ni lile lile kuanzia tunapofungua: "Dokta, nipe zile za siku tatu." Ukiuliza anaumwa nini, ni kifua, au koo, au mafua yamembana. Ukiuliza cheti, anacheka.

Za siku tatu ni azithromaisini. Za siku saba, zile kapsuli za rangi mbili, ni amoksilini. Zote mbili ni antibiotiki, dawa za kupambana na bakteria. Wateja wengi wameshajiamulia kwamba ya siku tatu ndiyo "dawa kali", maana dozi inaisha upesi na bei imechangamka. Hapo ndipo tunapobishana nao, kwa upole.

Amoksilini ni ya ukoo wa penisilini. Bakteria ana ukuta unaomzunguka, na kila anapogawanyika lazima aujenge upya. Dawa hii inauharibu ujenzi huo, ukuta unapasuka, bakteria anakufa. Tatizo ni kwamba haikai mwilini: nusu ya iliyomo kwenye damu inaondoka kwa muda wa saa moja hivi, nyingi ikitokea kwenye mkojo. Ndiyo maana tunakuandikia 1x3 na kukusumbua na saa: 12 asubuhi, 8 mchana, 4 usiku. Azithromaisini haina habari na ukuta. Inamzuia bakteria asitengeneze protini, akashindwa kukua. Halafu inajichimbia kwenye nyama za mwili, na nusu yake huchukua kama saa 68 kuondoka. Ukimeza ya mwisho siku ya tatu, dawa bado imo mwilini siku kadhaa mbele. Kwa hiyo siku tatu hazitokani na ukali, zinatokana na dawa kukawia kutoka.

Juzi mama mmoja kutoka Uyole alifungua fundo la kanga dirishani, akatoa pakiti ya amoksilini. Kati ya 21, zilikuwa zimebaki tisa. Alipata nafuu siku ya nne, akaziweka. Sasa mjukuu anakohoa, na yeye anauliza: "Nimfungulie kapsuli nimpe unga nusu?" Hapana, mama. Dozi ya mtoto inakwenda na kilo zake, na nusu ya unga hakuna anayeipima kwa jicho. Kuna vidonge vya watoto vinavyoyeyuka kwenye kijiko cha maji, na kwa nimonia ya mtoto amoksilini ndiyo Shirika la Afya Duniani linayoitanguliza. Ila kwanza mtoto ahesabiwe pumzi zahanati. Akipumua mbio, au kifua kikibonyea anapovuta hewa, hilo si la duka. Alikunja kanga yake, akasema "ndaga, dokta", yaani asante, akaenda kumchukua mjukuu.

Sasa ipi ya nani? Sikio, jipu la jino na koo la bakteria mara nyingi huanza na amoksilini. Azithromaisini huja pale mgonjwa ana aleji ya penisilini, au kwenye baadhi ya homa za matumbo na trakoma. Tena kuna bakteria mmoja wa kifua asiye na ukuta kabisa. Kwa huyo amoksilini haina cha kuvunja, hata umeze ndoo. Shirika hilo hilo limeiweka azithromaisini kwenye kundi la dawa za kuchungwa, kwa sababu bakteria wanaizoea wepesi. Ukiimaliza leo kwa mafua, ambayo ni ya virusi na hayasikii yoyote kati ya hizi mbili, kesho utaitafuta kwa ugonjwa wa kweli.

Na UTI, maambukizi ya njia ya mkojo, wimbo wa taifa wa dirisha letu. Azithromaisini kidogo sana ndiyo inayofika kwenye mkojo, na bakteria wengi wa njia ya mkojo wameshaizoea amoksilini. Zote mbili si za kuanzia. Nenda kapime mkojo.

Tuambie kabla hatujafungua kopo: uliwahi kuvimba midomo au kutokwa na vipele kwa penisilini? Basi amoksilini usiiguse. Una tatizo la mapigo ya moyo? Azithromaisini inaweza kuyavuruga, daktari ajue. Unakunywa dawa ya maji ya kupoza kiungulia? Ipishanishe na azithromaisini kwa saa mbili.

Kwa dawa ya watoto ya unga: gongagonga chupa unga uachane na kitako, tia maji yaliyochemshwa yakapoa hadi kwenye alama, tikisa kila unapotoa dozi. Siku zilizoandikwa kwenye lebo zikiisha, mwaga kilichobaki, hata kama Julai hii jiko lako ni baridi kuliko friji. Ukija na mtoto, mizani iko kando ya mlango na kupima ni bure. Cheti tutakiomba vilevile.