Saumu, hiyo mishale isikutoe roho

Shoga yangu Saumu,

Salamu tele, na mgongo nao naupa pole. Picha ya majibu ya damu yako niliiona saa tano usiku, nikajua hulali. Mishale miwili inatazama juu, kolesteroli 6.8, trigliseridi (mafuta mengine ya kwenye damu) 2.9, na wewe ushajipa kiharusi. Mwanaidi naye, kama kawaida yake, kakuletea vidonge vyake vya kushusha mafuta. Usiviguse! Nitarudi hapo.

Ile namba ya pembeni, trigliseridi isizidi 1.7, ni ya mtu asiye na mimba. Mashine haijui kama una miezi saba. Mimi ndiye ninayeiwasha kila asubuhi: inasoma damu, tumbo hailioni. Kwa mjamzito mwenye afya njema, hadi mimba inakaribia mwisho, trigliseridi hupanda mara mbili hata nne, na kolesteroli huongezeka kwa robo, pengine nusu. Ndiyo maana wajawazito kwa kawaida hatuwapimi mafuta.

Wala si ulafi wako, ingawa... haya, tuyaache. Estrojeni, homoni ya kike, inalisukuma ini litoe mafuta zaidi. Miezi ya mwanzo mwili uliweka akiba. Sasa insulini haisikilizwi sana, akiba inafunguliwa, wewe unaendeshwa na mafuta ili sukari abakiziwe mtoto. Na hiyo kolesteroli unayoilaani, kondo la nyuma linaichota kwenye damu yako kutengenezea projesteroni, ile homoni inayoutuliza mji wa mimba usibane kabla ya wakati. Sasa ushushe nini?

Ningeona trigliseridi 11 ningekupigia usiku ule ule, maana kongosho linaweza kuvimba. 2.9? Nilirudi kulala. Karatasi mwonyeshe daktari wako hata hivyo, mimi ni wa maabara tu.

Ukishajifungua trigliseridi zitashuka haraka, hasa ukinyonyesha, kolesteroli hujivuta. Tutapima tena baada ya wiki kadhaa.

Kwanza nani alikuandikia kipimo hicho? Uliwahi kupima kabla ya mimba? Baba yako alikuwa anameza dawa ya presha au ya kolesteroli? Maana kuna kolesteroli ya kurithi, hiyo ni hadithi nyingine. Mtoto anacheza vizuri? Na vidonge vya Mwanaidi, umeshameza au bado? Nijibu hilo kabla ya yote.

Wako,
Rehema