Swali la kwanza liwe: ilianza lini?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nizungumzie jambo ambalo vyombo vyetu vya habari vimekuwa vikilipitia juu juu. Kila inapotolewa habari ya mtoto mwenye mtindio wa ubongo (ulemavu wa viungo na mwendo utokanao na jeraha la ubongo unaokua), kijana mwenye kifafa au mtu mzima mwenye skizofrenia (ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie au aamini mambo yasiyokuwapo), wote hutiwa kapu moja la wagonjwa wa akili, na ushauri unaofuata huwa ule ule: wasifichwe, wasinyanyapaliwe, wavumiliwe. Ushauri huo ni mwema na siupingi. Hata hivyo, mzazi aliyeusikia mara mia bado hajui afanye nini mwanawe anapoanguka na kukakamaa, wala kwa nini binti aliyesoma vizuri hadi sekondari ameanza kusikia sauti ambazo wenzake hawazisikii.

Nimefanya kazi ya uuguzi kwa miaka mingi katika kliniki ya magonjwa ya mishipa ya fahamu na afya ya akili. Ndugu wa mgonjwa huja na swali lao tayari, nalo ni nani kasababisha. Mimi huanza na jingine: hali hii ilianza lini? Jibu lake ndilo linalotuonyesha tumeshika ugonjwa wa aina gani, na kama bado tuna muda wa kuuzuia.

Zipo hali zinazoanza kabla mama hajajua kuwa ni mjamzito. Mrija ambao baadaye huwa ubongo na uti wa mgongo hujifunga takriban siku ya 28 tangu mimba kutungwa, na usipojifunga vizuri mtoto anaweza kuzaliwa na mgongo wazi. Mwaka 1991 utafiti mkubwa ulioongozwa na Waingereza ulionyesha kwamba wanawake waliokwisha kupata mtoto wa namna hiyo, wakimeza asidi ya foliki (aina ya vitamini B) kabla ya kushika mimba nyingine, hatari ya kurudia ilipungua kwa asilimia 72. Leo mwanamke yeyote anayetarajia kushika mimba hushauriwa kumeza mikrogramu 400 kila siku, na aliyewahi kupata mtoto wa aina hiyo hupewa kipimo kikubwa zaidi. Vidonge vinavyoanza kutolewa mimba ikiwa na miezi minne vina faida kwa damu ya mama, lakini kwa mgongo wa mtoto vimechelewa.

Si kila anachozaliwa nacho mtu hakina tiba, na hapa ndipo watu wengi wanapokata tamaa mapema. Mtoto ambaye tezi yake ya shingo haifanyi kazi huzaliwa akionekana mzima. Pengine analala kupita kiasi, ananyonya kwa uvivu, na manjano yake yanachelewa kuisha. Tone la damu kutoka kisiginoni linatosha kumgundua. Akianza kupewa homoni anayoikosa ndani ya wiki mbili za mwanzo, kwa kawaida akili yake hukua kama ya wenzake, lakini akigunduliwa baada ya mwaka, sehemu kubwa ya hasara hairudi tena. Hali ya Down, ambayo mtoto huzaliwa nayo na akili yake hukua polepole, ni tofauti. Tangu mwaka 1959 inajulikana kwamba hutokana na kromosomu (uzi wa urithi ndani ya seli) ya ziada ya 21, hakuna dawa ya kuiondoa, na mama hana kosa lolote. Kazi yetu ni kupima moyo wa mtoto, kwa kuwa karibu nusu yao huwa na kasoro hapo, kisha kuanza mazoezi na mafunzo mapema.

Mtindio wa ubongo nao una alama moja ambayo ningependa kila mzazi aishike: jeraha lenyewe haliendelei kukua. Niliwahi kupokea kadi ya mtoto wa miaka minne iliyoandikwa mtindio, huku bibi yake akisisitiza kwamba mjukuu alikuwa akikimbiza kuku uani kabla miguu haijaanza kulegea. Bibi ndiye aliyekuwa sahihi. Mtoto anayepoteza alichokwisha kukiweza ana ugonjwa mwingine unaohitaji kuchunguzwa upya bila kuchelewa.

Kuhusu kifafa nitasema kwa kirefu kidogo, maana ndicho kinachotuumiza zaidi bila sababu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao milioni 50 wana kifafa, karibu asilimia 80 kati yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na hadi asilimia 70 wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangepata uchunguzi na dawa sahihi. Mojawapo ya dawa hizo, fenobabitoni, imekuwa ikitumika tangu mwaka 1912, na bei yake ni ndogo. Tena si kila kifafa huangusha. Kipo cha kuduwaa, ambapo mwanafunzi anakatiza sentensi, macho yanakodoa, kope zinachezacheza kwa sekunde kama kumi, halafu anaendelea kuandika bila kujua kilichopita. Mwalimu asiyeelewa humwadhibu kwa uzembe. Kwa anayeanguka, mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu karibu yake, angalia saa, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, na zikipita dakika tano mpelekeni hospitali. Dawa isikatishwe ghafla hata akikaa mwaka mzima salama. Na mwanamke anayetumia valproeti, dawa nyingine ya kifafa, asiiache mwenyewe, ila azungumze na daktari kabla ya kushika mimba, kwa sababu takriban mtoto mmoja kati ya kumi waliopata dawa hiyo tumboni huzaliwa na kasoro za maumbile.

Skizofrenia kwa kawaida hujitokeza kati ya mwisho wa balehe na umri wa miaka thelathini hivi. Dawa zake zilianza kupatikana mwaka 1952, na kadiri miezi inavyopita bila tiba ndivyo kupona kunavyokuwa kugumu. Ila mzee wa miaka 60 ambaye hakuwahi kuugua akili, akaanza kuweweseka ndani ya siku mbili, msimwite kichaa: apimwe malaria, sukari, maambukizi, na dawa anazotumia ziangaliwe moja moja.

Ombi langu kwako, Ndugu Mhariri, ni kwamba waandishi wako wanapotuletea habari za familia hizi, waulize na kuandika hali ilianza katika umri gani, mtoto alikuwa akiweza nini kabla yake, na alifika lini kwa mganga wa kwanza. Na kwa wasomaji wenye simu za kurekodi: mgonjwa akishikwa na degedege au kuduwaa, mmoja amsaidie na mwingine arekodi kuanzia mwanzo, mkono upi ulitangulia kutikisika na macho yaligeukia upande gani. Mara nyingi daktari hajawahi kumwona mgonjwa huyo akiwa katika hali hiyo, na picha hiyo ya nusu dakika humsaidia kuchagua dawa.

Wako,
Muuguzi, msomaji wa siku nyingi