Barua ya wazi kwa vijana wa Kisumu, Siaya na Busia mnaotaka kuhariri jeni za watoto wenu

Wanangu na wajukuu,

Mnasema siku sayansi ikifika kwetu mtabadilisha jeni za watoto kabla hawajazaliwa, selimundu, ugonjwa wa kurithi wa damu ambao seli nyekundu hujikunja kama mundu, uishe katika ukoo. Uchungu wenu naujua. Ila mnachanganya mambo mawili.

Casgevy, tiba ya selimundu iliyoidhinishwa Uingereza na Marekani mwishoni mwa 2023, huhariri seli za uboho wa mgonjwa mwenyewe. Wanawe hawarithi badiliko hilo. Kuhariri kiinitete ni kukata DNA ya yai lililorutubishwa maabara, na badiliko huingia hadi kwenye mbegu au mayai ya mtoto huyo, likashuka kwa vitukuu ambao hakuna aliyewauliza.

Tena mkato wenyewe hauaminiki. Unaweza kuangukia pasipokusudiwa, au kung'oa kipande kikubwa palepale palipolengwa. Kiinitete kikigawanyika kabla kazi haijakwisha, seli nyingine hubadilika na nyingine hubaki vilevile. Zinazopimwa siku ya 5 ni chache tu, za upande utakaokuwa kondo la nyuma. Zikionekana nzuri, bado hujui za mtoto zikoje. Kuzipima zote ni kukiua.

Mwanasayansi He Jiankui wa China alitangaza mwaka 2018 kwamba amehariri jeni ya CCR5, ambayo virusi vya Ukimwi huitumia kama mlango wa kuingilia seli, ili mapacha wasipate Ukimwi. Badiliko alilopata silo alilolenga, na alifungwa miaka 3. Asiye na CCR5 huumizwa zaidi na virusi vya West Nile, vilivyogunduliwa hapo jirani Uganda mwaka 1937. Sisi watu wa ziwani tungepaswa kuelewa upesi: mwenye AS, yaani aliyerithi jeni ya selimundu (S) kwa mzazi mmoja tu, hukingwa dhidi ya malaria kali, ndiyo maana S imeenea huku. Jeni moja ina kazi zaidi ya moja.

Sasa pigeni hesabu. Mume na mke wote wakiwa AS, katika kila mimba nafasi ya mtoto kuwa SS, yaani kurithi S kwa wazazi wote wawili na kuugua, ni 1 kati ya 4. Kwa hiyo viinitete vingi vya maabara tayari havina ugonjwa, na mwenye fedha za maabara anaweza kuchagua kimoja bila kukata chochote. Wanaobaki bila njia hiyo ni wazazi ambao wote wawili ni SS. Hao ni wachache, na hoja yao pekee ndiyo naiona nzito.

Nyinyi wengine, pimeni kabla ya kupeleka mahari. Ombeni elektroforesisi ya hemoglobini, kipimo cha maabara kinachotenganisha aina za hemoglobini; kipimo cha haraka cha kuangalia kama seli zinajikunja hakitofautishi AS na SS. Aliyeongezewa damu asubiri miezi 3, la sivyo atasomewa damu ya mwingine.

Mtoto naye apimwe mapema. Akiwa SS, aanze penisilini kufikia miezi 2, mara mbili kwa siku hadi miaka 5, na muulize kliniki kuhusu haidroksiurea, dawa ya selimundu. Mama afundishwe kupapasa wengu chini ya mbavu za kushoto. Likivimba ghafla na viganja vikapauka, mkimbizeni hospitali usiku huohuo, maana huenda akahitaji damu.