Barua kwa Mwanangu: Kuhusu Binta na Saada

Mwanangu mpendwa,

Nimelisoma daftari lako la hadithi lote, kama ulivyoniruhusu, na sikuligusa kwa kalamu. Mwana wa mfalme anayewawinda wachawi, kisha akampenda yule yule msichana aliyetumwa kumkamata, nilimtambua mara moja: ni ndugu yake Inan wa Children of Blood and Bone, riwaya ya Tomi Adeyemi iliyotoka mwaka 2018, ambayo uliisoma likizo nzima hadi jalada likabanduka. Sikulaumu, kwa maana adui anayegeuka mpenzi ni jambo lililozoeleka mno katika riwaya za kifantasia za vijana, na hakuna aliyeandikiwa hati ya kulimiliki.

Ila Adeyemi hakumpa Inan mapenzi ya bure. Inan anagundua kwamba uchawi anaoambiwa auangamize umo ndani yake mwenyewe, anakutana na Zélie, msichana anayemwinda, katika ulimwengu wa ndoto, anayaonja machungu ya msichana huyo kana kwamba ni yake, na hata baada ya yote hayo anamsaliti. Kwako, kijana anachoma kijiji katika ukurasa wa tisa, na kufikia ukurasa wa ishirini wanashikana mikono mtoni bila yeyote kuwataja waliokufa. Hapo nilikasirika, nakiri, pengine kama mzazi zaidi kuliko kama msomaji.

Hata hivyo, si hao wawili walionifanya nikae kuandika. Mkumbuke Binta wa riwaya ya Adeyemi, mjakazi na rafiki wa Amari binti mfalme. Anashikishwa hati ya kale, nuru inamtoka mikononi, na mfalme anamuua. Amari anaiba hati hiyo na kutoroka, na safari yote inaanzia hapo. Wasimulizi wa riwaya ni watatu, Zélie, Amari na Inan, na Binta hana sura hata moja ya kusema kwa kinywa chake. Amari walau anaendelea kumlilia. Katika vitabu vingi vya namna hii, rafiki wa tabaka la chini hufa ili mwenye taji apate sababu ya kuondoka nyumbani, kisha husahauliwa kabla farasi hajatandikwa.

Bibi yako alipokuwa akinisimulia habari za Fumo Liyongo, nilichosubiri mimi ni ile sindano ya shaba ya kitovuni na usaliti wa mwanawe. Siku hizi namfikiria zaidi Saada, kijakazi aliyempelekea Liyongo gerezani mkate wa wishwa wenye tupa ndani. Walinzi walizoea kula vyakula vizuri alivyoleta, na mkate wa wishwa wakaudharau, ukamfikia mfungwa. Saada alipita mbele yao akijua kilichomo. Mikono yake ilikuwaje alipokuwa akilishika lile sinia? Ningeisoma riwaya nzima juu ya hatua zake chache za kufika mlangoni.

Katika ukurasa wako wa tatu, mtumishi wa binti mfalme anakunywa sumu isiyokuwa yake. Mwanzoni ulimpa jina, kisha ukalikata kwa wino mwekundu na kuandika “kijakazi” juu yake. Nimeliinua karatasi kwenye mwanga wa dirisha nikashindwa kulisoma. Nitakuletea daftari Jumamosi ya kutembelewa. Naomba uniambie alikuwa anaitwa nani.

Mama yako