Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: rangi kwanza, dawa baadaye

Ndugu wanachama, wazee wetu, kina mama, vijana wa punda na nyote mliofika pamoja na waliotuma udhuru, assalaam aleikum na hamjambo. Hesabu atazisoma mweka hazina, karatasi mnazo mikononi, kwa hiyo mimi sitagusa pesa isipokuwa kidogo mwishoni. Nataka muda wangu niutumie kwa jambo lililotutoa jasho mwaka mzima nalo ni macho, ya punda, ya mbwa na paka wetu, na ya wale farasi wanaobeba wageni ufukweni. Tulipokubaliana kwamba mwaka huu tushike macho kuna waliouliza mbona si kwato, mbona si vidonda vya mgongoni, na hoja yao ilikua na haki kabisa, lakini kidonda cha mgongo kikikaa wiki bado mnyama utamtibu akapona, jicho likikaa wiki ndo basi tena, umebaki na punda chongo.

Hata mkisahau mengine yote leo hili lishikeni. Jicho jekundu halina dawa moja. Mnyama akifumba jicho, likawa linatiririka machozi, kitu cha kwanza watu wetu wanafanya ni kukimbia dukani na kuomba dawa ya matone, na muuzaji anatoa chupa iliyopo, mara nyingi ni ile yenye antibayotiki imechanganywa na deksamethasoni au prednisoloni, yaani steroidi. Sasa steroidi inapunguza wekundu upesi sana, siku ya pili jicho linapendeza, mwenye punda anafurahi na kumsifu muuzaji. Lakini kama ile konea, yaani kioo angavu cha mbele ya jicho, ina kidonda, steroidi inakizuia kisifunge na inawafungulia mlango bakteria na kuvu waendelee kula. Joto letu hili la pwani na unyevu wake kuvu anayapenda, na vumbi la mchanga na majani makavu ndo linalompeleka machoni.

Mnamkumbuka yule punda wa Shela, hapa Lamu, aliyekua akibeba mchanga na mawe ya ujenzi. Alichomwa na kitu jichoni, pengine mwiba pengine kijiwe, hakuna aliyeona, akatiwa matone ya dukani, na kweli siku mbili alifungua jicho vizuri. Tulipoitwa konea ilikua nyeupe na katikati imelegea kama jeli, inayeyuka, na hilo neno si la kutia chumvi, madaktari wenyewe wanaita hivo sababu vimeng'enya vya bakteria na vya mwili wenyewe vinaimumunya konea, ikitoboka jicho limekwisha. Daktari alimpiga sindano ya ganzi juu ya mfupa wa shavu, pale neva inayokaza kope inapopita, manake kope la punda lina nguvu usiombe, ukilazimisha kulifungua kwa vidole unaweza kulipasua jicho lenyewe. Kope likalegea, tukatia rangi ya kuonyesha kidonda, na nusu ya konea ikawaka kijani.

Alilolifanya daktari baada ya hapo naomba vijana mlisikilize kwa makini. Alipitisha mrija mwembamba kwenye kope la juu, akaushona kwenye ngozi ya paji la uso, akaupeleka mpaka kwenye manyoya ya shingo na kuusukia humo, hivo dawa inatiwa pale shingoni halafu inasukumwa taratibu kwa hewa kidogo ya bomba la sindano mpaka ifike jichoni, punda hapigani na mtu. Alafu akachukua damu ya punda yuleyule, ikaachwa igande, yale maji ya njano yanayobaki juu ndo serumu, ikawekwa kwenye friji na kutiwa jichoni kila baada ya saa mbili pamoja na antibayotiki, usiku na mchana, sababu serumu ina vitu vya kuvizuia vile vimeng'enya visiendelee kuyeyusha. Baada ya siku chache inamwagwa inatengenezwa nyingine, haikai. Vijana walipokezana zamu za usiku bila kulipwa hata shilingi na nawashukuru mbele ya mkutano huu. Jicho halikutolewa. Limebaki na kovu jeupe lakini anaona upande huo, anakwepa mtu, na mwenyewe amemrudishia kazi nyepesi.

Hiyo rangi ndo msingi wa kila kitu tulichofanya mwaka huu. Inaitwa fluoresini, ni kikaratasi kidogo chenye ncha ya rangi ya machungwa, unakilowesha kwa tone la maji safi ya chumvi ya hospitali, unakigusisha ndani ya kope, mnyama anapepesa rangi inasambaa, unasafisha iliyozidi, alafu unamulika kwa tochi ya buluu penye kivuli. Konea isiyo na kidonda haishiki rangi. Palipochubuka panashika na kuwaka kijani. Wala si kitu cha bei kubwa, bei yake ukiilinganisha na punda mzima ni aibu hata kuitaja. Lakini kuna mtego mmoja na nimeomba urudiwe kwenye kila mafunzo: kidonda kikizama sana mpaka kufika utando wa mwisho wa konea, chini pale hapashiki rangi tena, utaona duara la kijani na katikati peusi pangavu. Asije mtu akasema katikati pamepona. Hapo jicho limebakiza kitambo kidogo kutoboka, mwite daktari saa hiyohiyo na usimkandamize mnyama kichwa.

Sasa mtaniuliza je steroidi ni sumu? Hapana, na hapa ndo penye uzito wa jambo lenyewe. Farasi wana ugonjwa unaitwa upofu wa mwezi, zamani watu walidhani unafuata mwezi sababu unakuja na kuondoka, kumbe ni uvimbe wa ndani ya jicho unaorudi tena na tena, na mara nyingi unahusishwa na bakteria wa leptospira ambao wanapatikana kwenye maji yaliyoingia mikojo ya panya na wanyama wengine. Duniani kote hakuna kinachopofusha farasi wengi kuupita. Jicho linafumba, linalia, mboni imebana imekua ndogo, na tiba yake ni steroidi hasahasa, pamoja na dawa ya kupunguza uvimbe mwilini kama fluniksini na matone ya atropini ya kuifungua mboni isigandie kwenye lenzi. Na hiyo atropini nayo ikizidi inaweza kutuliza utumbo wa farasi akapata msokoto wa tumbo, ndo maana siku za tiba tunaomba mwenye farasi ahesabu mavi na asikilize tumbo. Kwa hiyo mnaona? Wanyama wawili wamesimama, wote jicho jekundu, wote wanalia machozi, mmoja steroidi itamwokoa na mwengine itampofusha, na kinachowatenganisha ni kile kikaratasi.

Tuje kwa mbwa. Kwa wenzetu wa Watamu, Malindi na huku bara ya Lamu, dharura iliyotuita zaidi ni swila. Mbwa anamwona nyoka uani, anambwekea, nyoka anamtemea mate ya sumu machoni. Pwani yetu yupo swila mkubwa kuliko wote wanaotema duniani, wataalamu walimtambulisha kama aina mbali mwaka 2007 na akaitwa kwa jina la James Ashe, aliyeanzisha shamba la nyoka pale Watamu. Ukiona mbwa anasugua uso mchangani na macho yamefumba, usitafute dawa, tafuta maji. Maji safi mengi, dakika 15 mpaka 20 mfululizo, mmoja anashika mbwa mwengine anamimina, mkimaliza ndo mnapiga simu. Maziwa si lazima, maji yanatosha na yako karibu. Sindano ya dawa ya nyoka haitiwi jichoni na wala haihitajiki kama mbwa hakuumwa. Baadae rangi, antibayotiki, pengine atropini ya kutuliza maumivu, na steroidi hapana. Wengi wanaooshwa mapema wanarudi kuona sawasawa, na nasema kwa furaha kwamba wanachama wameshika hili, simu nyingi za mwisho wa mwaka mtu anaanza kwa kusema nimeshaosha.

Lipo la pili la mbwa na hili lilitupa kazi kuelezea. Watu wanaleta mbwa wakisema ana mtoto wa jicho, macho yote mawili yamekua ya buluu kama yana ukungu, ghafla ndani ya siku chache. Mtoto wa jicho uko ndani, nyuma ya mboni, na kwa kawaida hauji hivo. Ukungu ukiwa mbele kwenye konea yenyewe, mbwa ana homa, amekonda na tezi zimevimba, huku kwetu fikiria mbung'o, hasa mbwa wanaozurura karibu na msitu wa Boni, manake vijidudu vya nagana vinavyobebwa na mbung'o vinampata mbwa pia na vinapenda kuonekana machoni kwanza. Na kama mna kupe fikiria ehlikia, inaweza kuleta damu ndani ya jicho. Hapo tone la jicho peke yake ni kazi bure, inatakiwa damu ipimwe. Nagana ina diminazini lakini kwa mbwa inapimwa kwa uzito kwa makini, ikizidi inaharibu ubongo, na ehlikia ni doksisaiklini kila siku kwa wiki nne, si mpaka atakapochangamka tu.

Paka nitapita haraka ingawa wao ndo wengi. Vitoto vya paka vyenye matongo mpaka kope zimegandana, futa kwa pamba na maji yaliyochemshwa yakapoa, kila jicho na pamba yake, kisha mafuta ya jicho ya tetrasaiklini kama daktari atakavyoelekeza. Virusi vya herpesi ya paka havitoki mwilini, vinalala na kuamka paka akipata shida, kwa hiyo msilaumiane ugonjwa ukirudi. Paka mzee akipofuka ghafla, mboni zimetanuka zote mbili, apimwe presha ya damu siku hiyohiyo, retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, inaweza kua imebanduka na akiwahiwa vidonge vya presha wengine wanapata kuona tena. Na wenye vile vimbwa vya pua bapa, matongo mazito yasiyokwisha yanaweza kua jicho kavu, kuna kikaratasi cha kupima machozi, kwa mbwa chini ya milimita 10 kwa dakika moja ni dalili mbaya na 15 kwenda juu ni salama.

Kuna malalamiko nayo lazima niyaseme. Duka moja la dawa tulilitembelea na kuongea kwa heshima kuhusu matone ya steroidi, tukaambiwa tuwaache watu wafanye biashara. Maduka mengine yalikubali kumuuliza mteja kama mnyama amepimwa rangi, tunawashukuru sana. Lakini na sisi wenyewe tusivuke mpaka. Sheria ya mwaka 2011 iko wazi, anayetibu mnyama ni aliyesajiliwa na bodi ya madaktari wa mifugo, Kenya Veterinary Board. Kisanduku cha chama ni cha kupima rangi, kuosha na kupiga simu. Nimesikia kuna mwanachama anachanganya dawa zake, namwomba aache. Na sukari, chumvi, maji ya tumbaku ndani ya jicho la punda, wallahi inauma kuona bado, mnyama hawezi kusema lakini konea ina neva nyingi sana, maumivu yake ni makali.

Nazungumza kwa uchungu hivi sababu punda wenyewe wamepungua. Biashara ya ngozi ilipita Kenya tukaiona, mpaka Umoja wa Afrika mwezi wa Februari 2024 ukapitisha kuisimamisha kwa miaka 15. Waliobaki tuwatunze, na punda akipofuka ndo wa kwanza kuuzwa. Punda wa Amu, yaani Lamu mjini, wana kituo cha kuwahudumia, Donkey Sanctuary, kipo tangu 1987, hakuna sababu ya mtu wa mjini kusema hakujua pa kwenda.

Mwakani kamati inapendekeza mambo mawili tu. La kwanza ni barakoa za wavu za kuzuia nzi kwa punda na farasi wakati wa nzi wengi, sababu nzi ndo wanaoleta mabuu ya mnyoo aitwaye habronema kwenye kona ya jicho, kile kidonda chenye chembechembe za njano kisichopona, kina mama wa ushonaji wamesema wataweza kuzishona wenyewe. La pili ni kipima presha ya jicho, na hiki ni ghali kweli, mweka hazina atawaeleza tumefika wapi na michango, mimi naona tutafute kilichotumika kabla hatujakopa.

Tochi mbili za buluu hazijarudishwa, walionazo wanajijua, wamkabidhi katibu kabla ya kuondoka hapa. Na upande wa Mokowe hatuna mtu wa kukaa na kisanduku tangu aliyekua nacho ahamie Mombasa, anatakiwa mwenye friji na simu inayowashwa usiku, ajitokeze tumwandike leo.